Picha Zenye Wenyewe Walizikataa

Nikisikia tena mtu pale stage ya matatu akisema ati Mzee wa Studio ni mjinga, nitamuuliza swali moja tu: wewe umewahi kukataa nini? Taja kitu kimoja. Kitu kizuri, kitu umewekewa mkononi, na ukasema hapana, ukijua vizuri hiyo hapana itakufukuza mpaka wapi. Kama huna jibu, kunywa chai yako uwachane na mzee wa watu.

Najua venye wanasema. Wanasema alipewa chumba kwa jengo jipya, mlango wa kioo, kodi ya zamani, akakataa juu ya picha moja. Wanasema sasa anazunguka masoko na begi kama muuza dawa ya panya. Wanacheka. Na wengi wao sura zao za kwanza kwa kitambulisho ni yeye alipiga, akawarekebishia kola kwa mkono wake.

Mimi ndiye wa cyber. Tulikuwa majirani kwa lile jengo la mabati nyuma ya soko hapa Kericho, yeye na studio yake, mimi na kompyuta zangu, katikati yetu ukuta wa plaiwudi mwembamba hivi kwamba nikipiga chafya upande wangu, pole inatoka upande wake. Hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita Saiba. "Saiba, kelele yako inatikisa kamera." "Saiba, hiyo redio yako ina homa?" Mimi nikamwita Mzee, kila mtu alimwita Mzee.

Alizaliwa wapi, mtoto wa nani, sitawaambia, kwa sababu sijui na sikuuliza. Alitoka upande wa ziwa, hiyo ilijulikana akifungua mdomo tu. Kazi ya majani chai ndiyo ilimleta huku, halafu akawacha majani akashika kamera. Mimi naanzia hapo kwa kamera.

Watu wa rika yangu wanafikiria huu mji umekuwa hivi tangu zamani: duka la simu, duka la simu, kemisti, duka la simu. Mzee alikuwa na mji mwingine ndani ya sanduku. Sanduku la mbao, la yale yalikuwa ya kupakia majani, limepigwa bati kwa kona. Ndani yake kulikuwa na hoteli. Na nikisema hoteli simaanishi za kulala watalii. Za kula. Za chai, chapati na nyama ya kukaanga.

Kulikuwa na New Ziwa, ambapo samaki walipangwa kwa kabati ya kioo wakiangalia barabara kama abiria waliochelewa. Kulikuwa na Majani Mabichi, ya wachuna chai, meza ndefu kama za shule na vikombe vya bati vyenye masikio yamefungwa na waya. Na kulikuwa na Saa Nane Hoteli. Iliitwa hivyo kwa sababu Kericho mvua inanyesha saa nane, na ikianza soko lote linakimbilia huko ndani, na ukishaingia utafanya nini, utaagiza chai. Mwenyewe alikuwa na akili sana. Ukuta wa nyuma alichorewa treni ikipita katikati ya shamba la majani, treni yenye haijawahi kupita huko, na nyuma ya kaunta kulikuwa na kioo kirefu, ndio mtu wa miguu iliyojaa matope ajione pia juu amevaa vizuri.

Hizo zote zimeisha. Moja iliungua, moja mwenyewe alikufa watoto wakagombana, Saa Nane ilifungwa pole pole, meza moja baada ya nyingine. Ukitafuta picha zake hupati. Mzee tu ndiye alikuwa nazo, na hii ndiyo sababu.

Bonasi ya majani ikitoka, familia zinashuka mjini. Kutoka Kedowa, kutoka Londiani na baridi yao na viazi vyao, kutoka Bomet yote, mpaka Chebunyo ambako majani hayaendi vizuri lakini fahali ameuzwa. Wananunua viatu vya shule, blanketi, sufuria. Halafu wanaingia hoteli. Na siku hizo huwezi kuingia hoteli na familia yako yote halafu utoke bila picha. Ilikuwa saizi ya posta kadi. Hivyo ndivyo walikuwa wanaagiza, kwa ulimi wetu wa huku: "Mzee, nipige bicha, bosta kadi." Ni saizi ya kutuma kwa mtu aliye mbali, ajue mko sawa, mmekula hotelini, soda ziko mezani na watoto wamechana nywele. Mzee alikuwa anazunguka hoteli moja hadi nyingine na flashi yake begani, siku nzima.

Kulikuwa na sheria. Unapigwa kabla chakula hakijaguswa, ama sahani zikishaondolewa. Hapo katikati kamera inaangalia chini. Sisi Wakipsigis, mtu mzima kupigwa picha akitafuna ni kama kupigwa akioga. Na kwa mambo ya mkwe ndio kabisa. Mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani wakila. Haijalishi wanapendana namna gani. Akiwa huko ndani anakula, wewe unapitia mbali, maisha yote. Mzee alisema kwao ziwani ni vivyo hivyo, hakuna mtu alihitaji kumfundisha.

Sasa, picha ikishapigwa, mtu anarudi kuichukua siku ya soko inayofuata. Ama ile inayofuata hiyo. Hapa nitasema ukweli hata kama nampenda: Mzee alikuwa mwongo wa "kuja wiki ijayo". Alikuwa anasema kuja wiki ijayo hata kama picha iko tayari kwa droo, kwa sababu alipenda watu warudi. Alikuwa akifoka sana mtu akichelewa kwa stuli yake, lakini yeye mwenyewe hakuna kitu alimaliza kwa wakati.

Na mtu akija, wakati mwingine alikuwa anaiangalia hiyo posta kadi, anaisukuma tena kwa kaunta. Hapana. Anaenda.

Hizo ndizo zilijaa sanduku. Zilizokataliwa. Zile nzuri zote zilienda nyumbani na wenyewe, zikapigiliwa ukutani, moshi wa jikoni ukazila, mchwa wakamalizia. Zenye ziko hai mpaka leo ni zile ambazo mtu aliziangalia akasema, huyu si mimi.

Na Mzee alikumbuka kila sababu. Tulikuwa tunakaa jioni mvua ikipiga mabati, nikizipitisha kwa skana yangu kwa sababu ukungu ulikuwa umeanza kuzila pembeni, na yeye anasimulia. Huyu alikataa kwa sababu kofia haikuwa yake na mwenye kofia ametokea kwa kioo. Hawa ni ndugu wawili, walipatana siku hiyo, wakala pamoja, na kabla picha haijakauka walikuwa wamekosana tena, kila mmoja akasema mpe yule. Huyu ni mhubiri, yeye mwenyewe hana makosa, soda yake ni ya machungwa, lakini meza ya nyuma kuna chupa zenye si za soda. "Akaniambia nifute meza," Mzee akasema. "Nikamwambia, mchungaji, omba."

Nilicheka mpaka skana ikasimama.

"Lakini Mzee, si ungeuza hizi?"

"Kwa nani?"

"Kwa mtu yeyote. Watu wanapenda vitu za zamani siku hizi. Hoteli hizi zote, hakuna mtu ako nazo."

"Hoteli ni yangu kukuonyesha?" akasema. "Hoteli iko nyuma ya mtu. Na mtu alisema hapana."

Hivyo ndivyo alikuwa. Alizitunza miaka hiyo yote na hakuna hata moja alitundika. Ukiingia studio yake ukutani kulikuwa na kalenda na picha ya maua. Mimi niliziona kwa sababu ya ukungu tu, na aliniapisha kwanza, mkono juu ya skana kama mahakamani.

Alikuwa na mdomo. Hiyo tulifanana, ndio maana tulikuwa tunasikizana. Kila kura ikikaribia kuna kijana atasimama mlangoni kwake amuulize, kwa mzaha wa kijinga, ataenda kwao lini. Mimi nilikuwa natoka na chochote kiko mkononi. Siku moja nilitoka na kibodi. Yeye hakuwa anainuka hata kwa stuli.

"Nikienda," akasema, "nitabeba na hili sanduku. Sura za mama zenu ziko humu. Mtajikumbuka na nini?"

Kijana akacheka, akaondoka. Baadaye akarudi peke yake, akauliza polepole kama kweli mama yake yuko humo. Mzee akamwambia, "Kama alikataa, yuko. Kama hakukataa, yuko kwenu ukutani. Enda uangalie." Mpaka leo sijui kama alikuwa humo. Hakutaka kuniambia.

Hakupenda simu, ati zinapiga picha bila kuomba ruhusa, lakini kila asubuhi alikuwa anagonga plaiwudi nimsomee vichekesho vya group ya kanisa lao. Mteja akitaka kupunguziwa bei alimwambia aende akapigwe na jua. Halafu mtoto wa shule akija na fomu na hana kitu, anampiga, anamkemea juu ya kifungo kilichokatika, na anakishona mwenyewe. Mimi vitu vya kompyuta nilijifunza peke yangu, kwa video, usiku na mchana, hakuna mtu alinishika mkono. Nilikuwa namwonyesha kazi yangu nikingoja aseme kitu. Alikuwa anaiangalia sana halafu anasema, "Nimeona." Basi. Miaka yote hiyo, nimeona.

Sasa hii maneno ya chumba.

Landilodi wetu alizeeka, kazi ikashikwa na mtoto wake, kijana aliyerudi kutoka Nairobi na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Kericho. Lakini sitamsema vibaya, hakuwa mtu mbaya, na hii ndiyo ilifanya mambo iwe ngumu. Babu yake ndiye alikuwa mwenye Saa Nane Hoteli. Alikuja mchana, akakaa kwa ile stuli ya kupigiwa picha, akasalimia vizuri.

"Mzee, unajua tunabomoa."

"Nimesikia."

"Tutajenga gorofa. Juu naweka kafe. Nataka kuiita Saa Nane, kama ya babu. Babu alikuwa ananiambia uko na picha moja inaonyesha hoteli yote. Treni, kaunta, kioo, kila kitu."

"Babu yako aliniomba hiyo picha," Mzee akasema. "Nikamnyima. Na alikuwa rafiki yangu."

"Nisikilize kwanza. Nataka kuiweka ukuta mzima. Kutoka chini mpaka juu. Watu wakiingia wajue hapa kulikuwa na kitu. Na wewe chini utakuwa na studio yako, mlango wa kioo, jina juu, kodi ile ile yako ya sasa. Na huyu wa cyber pia. Sitawaondoa. Nipe tu hiyo picha."

Mimi upande wangu nilikuwa nimewacha kuchapa.

"Iko na mwenyewe," Mzee akasema.

"Si wewe ulipiga?"

"Kupiga ni kazi. Mwenyewe ni yule amekaa ndani."

Hiyo picha niliijua. Nilikuwa nimeipitisha kwa skana. Mbele kuna mama mmoja wa Chebunyo na msichana wake mdogo, wamekaa wima, soda mbili, kitambaa kipya kichwani, sahani bado hazijaletwa. Kila kitu kwa sheria. Nyuma yao ni Saa Nane yote, imejaa mwanga kama vile flashi iliamua siku hiyo kufika kila kona. Na kwa kona moja, chini ya gurudumu la treni, kuna kijana ameinamia sahani, nyama kwa mkono, mdomo wazi kabisa, shavu limejaa. Huyo kijana alikuwa ameoa binti mkubwa wa huyo mama.

Hawakuonana siku hiyo. Yeye aliingia na njaa baada ya kuuza mbuzi, akakaa kona. Mama alimpa mgongo. Kamera peke yake ndiyo iliwaona wote wawili. Mama akaja kuchukua picha, akaitazama, akavuta leso akajifunika uso, akatoka. Hakurudi studio tena.

Mzee akamweleza kijana wa viatu vyeupe hayo yote, naye akacheka kidogo, kwa heshima. "Mzee, ni hiyo tu? Tunamtoa. Siku hizi ni rahisi. Hata huyu wa cyber anaweza."

Na ni kweli naweza. Akishaondoka nikaingia kwa Mzee bila kubisha.

"Nimtoe," nikasema. "Saa hii. Naweka kiti tupu, hakuna mtu atajua."

"Utamtoa umpeleke wapi?"

"Mzee, ni picha ya mtu akikula nyama!"

"Kwa hivyo unaiona ndogo."

"Ndogo kuliko chumba! Chumba chako na changu! Mimi nitaenda wapi na hizi mashine, kwa mvua?"

Hakukasirika. Akachukua kitambaa akapanguza lenzi, akaipanguza tena.

"Mtu alikuwa na njaa akaingia akala," akasema. "Leo unataka kuniambia hakuwa hapo. Saiba, wewe ukiambiwa hukuwa mahali ulikuwa, utanyamaza?"

Siwezi kunyamaza. Anajua siwezi. Mtu akiniambia hiyo nitabomoa nyumba.

"Nitamuuliza," akasema. "Mama bado yuko, nimesikia kwa watu wa ng'ombe. Akikubali, tutaitundika mpaka dari, na nitakuja kunywa chai ya huyo kijana. Akikataa, tumemaliza."

Tukaenda Chebunyo siku ya soko. Kule hakuna kijani yetu ya huku, ni joto, miiba, vumbi la ng'ombe. Mzee alivaa koti na tai, begi la kamera begani, na posta kadi ameiweka ndani ya bahasha ya kaki kifuani.

Mtu wa kwanza tulimkuta njiani kabla ya kufika boma. Mzee mwenzake, nywele nyeupe, fimbo, amesimama na ng'ombe wake. Mzee akamwangalia, akamjua, sijui kwa alama gani, labda kwa shavu. Ndiye yule wa kona. Sasa ni babu. Na akatuambia yule mama anakaa hapo kwake, kwa nyumba ndogo pale mwisho wa shamba. Vijana wa huyo mama walienda wakapotelea huko kwa kazi, ndipo binti yake akamleta. Kitambo haingewezekana, siku hizi inafanyika, lakini kwa sheria zote.

Mzee akamweleza tumeleta nini. Huyo babu hakunyoosha mkono kuichukua.

"Unataka nijione?" akasema. "Najua nilivyokuwa. Nilikuwa sijakula tangu jana yake." Akaangalia ng'ombe. "Muulizeni yeye. Akisema sawa, mimi nitasema sawa. Lakini mkimwonyesha..." Hakumaliza. Akasogea na ng'ombe wake mbali kidogo, akatugeuzia mgongo.

Tulimkuta yule mama, sasa ni kogo, yaani nyanya, amekaa nje kwa kivuli cha nyumba, anachambua maharagwe. Nikamsalimia, chamgei, akaitikia, macho yako kwa Mzee.

"Wewe ndiye wa kuja wiki ijayo," akasema kwa Kikwetu.

Nikatafsiri. Mzee akainamisha kichwa. "Ndiyo mimi, mama."

"Umeniletea ile?"

"Ni ile."

Akapanguza mikono kwa nguo. Akapokea bahasha, akaitoa hiyo posta kadi, na kabla hata haijafika mbele ya macho, kidole gumba chake kilishaenda kukaa kwa kona. Kilienda chenyewe. Mwili wake ulijua kona ni gani. Halafu ndio akaangalia.

Aliangalia sana. Akacheka kwa sababu ya treni. Akasema hicho kitambaa alinunua asubuhi hiyo hiyo na kilichuja kwa mvua akirudi. Akasema msichana alikuwa anauliza kama soda inauma. Akasema kioo cha Saa Nane kilikuwa kinamfanya mtu awe mrefu. Na gumba liko pale pale.

Mimi nikaona hapa tumepata. Nikamweleza kila kitu kwa haraka, kafe, ukuta, chumba, kwamba asipokubali jengo linaenda na studio inaenda. Mzee alisikia neno studio tu akajua.

"Hukutumwa hiyo, Saiba."

"Lazima ajue!"

"Amejua. Sasa nyamaza."

Kogo hakuwa na haraka. Aliweka mkono mwingine kwa maharagwe, akayasambaza, akayakusanya.

"Huyu mtu yuko hapo kwa ng'ombe," akasema, "hii nyumba ni yeye alinijengea. Maziwa nakunywa ni yake. Nikiwa mgonjwa ni yeye anatafuta gari. Akija huku anakohoa kwanza kule kwa ua, na mimi nageuka. Mpaka leo sijamwona akitafuna hata mahindi. Wazee wote wawili, na bado anakohoa kwanza." Akatuangalia. "Sasa niende mjini nimkute mkubwa kama mlango, mdomo wazi, watu wakinywa chai wakimwangalia? Na mimi nimekaa mbele yake nikitabasamu?"

Nilitafsiri kila neno.

"Mwambie huyo kijana," akasema, "hapa niko mimi na msichana wangu, na kuna treni. Mtu mwingine sijaona."

Akainyoosha kumrudishia. Na hapa ndipo nataka wale wa stage wanisikize vizuri. Hakutoa gumba. Alingoja. Na Mzee hakuivuta. Alileta gumba lake akaliweka juu ya hilo la kogo, pole pole, na kogo akalivuta lake kutoka chini, kama mtu anafunika taa asimwamshe mtoto. Hakuna saa hata moja hiyo kona ilibaki wazi. Hakuna mtu alikuwa amewafundisha kufanya hivyo. Mmoja ametoka ziwani, mmoja ni wa Chebunyo, na mimi na kompyuta zangu zote nimesimama katikati nikiangalia.

Tukatoka. Yule babu akatufuata njiani, fimbo imeshikwa kwa mikono miwili.

"Ameiona?"

"Ameona treni," Mzee akasema.

Babu akasimama. Halafu akapigia ng'ombe mluzi, akaenda nao, na nikasikia anacheka peke yake huko kwa miiba.

Pale sokoni Mzee akaomba simu yangu. Yeye asiyependa simu. Nikampigia kijana wa viatu vyeupe, nikamshikia.

"Kijana, ni mimi wa studio. Amekataa... Mwenye picha... Hapana, asante, usipunguze. Si mambo ya kodi." Akasikiza muda mrefu. Yule kijana alikuwa anaongea vizuri, nilisikia, alikuwa karibu kumbembeleza. "Babu yako angeelewa. Hapana. Paka ukuta rangi, hata treni unaweza kuichora upya, treni sijakukataza. Ijumaa nitatoa vitu vyangu."

Akanirudishia simu. Nilitaka kumpigia kelele, nilitaka kupiga teke kitu, macho yalikuwa yananiuma na si vumbi. Chumba changu pia kilikuwa kimeenda hapo, na bado niliona ako na haki. Hiyo ndiyo ilikuwa inaniuma zaidi.

"Mimi nakuja na wewe," nikasema. "Na vitu vyako nitabeba. Na mtu akicheka nitampiga."

"Nimeona," akasema.

Kwa upande wa ng'ombe kulikuwa na mwanamume amenunua fahali, bado anamzunguka kama haamini ni wake. Akaona begi la Mzee, akaona koti na tai.

"Mzee, wewe unapiga picha?"

Mzee akashusha begi chini kwa vumbi, akafungua, akatoa kamera, akaivaa shingoni.

"Napiga," akasema. "Simama karibu naye. Lakini ujue mapema: ukiikataa, inabaki na mimi."